Ludo wa Baba

Septemba 2024, wiki ile Champions League ilipoanza bila makundi, nilikuwa nyumbani kwa rafiki yangu Mombasa, sebule imejaa watu na ubishi umepamba moto. Mfumo mpya ulikuwa ukielezwa na kila mtu kwa wakati mmoja: timu 36, jedwali moja refu kama foleni ya feri ya Likoni, kila timu mechi nane na wapinzani wanane. Mmoja akasema afadhali, makundi yalishachosha, ikifika Novemba unajua nani anapita na nani anafungasha. Mwingine akasema sasa hata raha ya kupiga hesabu imekwisha. Mimi nilinyamaza. Wanaonijua walishangaa, manake mpira ukizungumzwa huwa simwachii mtu nafasi. Nilikuwa namuwaza babangu na timu yake ya Bulgaria.

Babangu si mtu wa mpira. Ni mvuvi. Amekuwa na timu kwa miezi mitatu tu maishani mwake, kuanzia Septemba hadi Desemba 2014, na miezi yenyewe haikuwa ya kucheza.

Kwetu ni Mtangawanda, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate. Ukiwahi kwenda Pate au Siyu kwa boti kutoka Amu, basi umepita kwetu: boti inapenya kwenye Mkanda katikati ya mikoko ikiwa maji yanaruhusu, inavuka, inafunga gatini. Watu wengi wanaijua Mtangawanda kama mahali pa kushukia. Wanashusha magunia, magodoro na kuku, wanapanda pikipiki, wanakwenda zao. Sisi tunabaki na harufu ya petroli na makelele ya manahodha.

Ami yangu alikuwa na ukumbi wa mpira karibu na gati. Mabati, makuti, mabenchi ya mbao, dishi moja, televisheni moja, jenereta. Shilingi ishirini mechi ya kawaida, thelathini ya Champions. Msichana haingii. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, wala hakuna aliyehitaji kuiandika. Nyumba yetu ilikuwa hatua kama mia mbili kutoka hapo, kwa hiyo mpira mimi niliujua kwa masikio. Nilijua tofauti ya ukelele wa goli na ukelele wa nusura goli; huu wa pili huanzia juu halafu huanguka. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, saa tano zimepita kidogo, ukumbini kulitoka ukelele ambao sikuwahi kuusikia kabla wala baada yake. Nilidhani pameshika moto. Asubuhi ndipo nikaambiwa: Victor Wanyama, Mkenya mwenzetu, ameifunga Barcelona kwa kichwa dakika ya 21, na Celtic wameshinda 2-1. Hatua ya makundi hiyo. Goli kubwa namna hiyo, la mtu wetu, na mimi nimelisikia kama mtu anavyosikia harusi ya jirani aliyesahau kumwalika.

Saa za mechi zile nazo zina kisa chake. Septemba na Oktoba zilikuwa zikianza saa nne kasorobo usiku kwetu. Mwisho wa Oktoba Ulaya wanarudisha saa zao nyuma, sisi tunabaki na zetu, basi za Novemba na Desemba zinaanza saa tano kasorobo na kumalizika saa sita na nusu imeshapita. Ni saa zile zile za babangu. Vijana wakiingia ukumbini, yeye yuko baharini na jarife lake. Alikuwa hajaona mechi ya usiku hata moja, na sidhani kama alijiona amekosa kitu.

Tarehe 15 Juni 2014, Mpeketoni ikashambuliwa. Mpeketoni iko bara, si kisiwani kwetu, lakini ni kaunti moja. Ulikuwa msimu wa Kombe la Dunia, na baadhi ya watu jioni ile walikuwa kwenye kumbi za video wakitazama mpira. Watu wapatao 60 waliuawa kwa siku mbili, pale na vijiji vya karibu. Mwezi uliofuata ikaja amri ya kutotoka nje, Lamu yote: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikawa inaongezwa, mwezi baada ya mwezi. Kuvua usiku nako marufuku.

Mtu wa mjini ukimwambia kafyu anafikiria klabu zimefungwa. Mvuvi wa jarife hutega jua likizama, hungoja usiku kucha, huvuta alfajiri. Mchana samaki anauona wavu, anaukwepa kama wewe unavyokwepa nguzo. Baba alijaribu kutega mchana. Alirudi na vya kula, si vya kuuza. Na mashine ya boti ilikuwa bado na deni la tajiri wa samaki, lililotakiwa kulipwa kidogo kidogo kwa samaki ambao sasa walikuwa wanapita usiku bila mtu wa kuwangoja.

Sasa nije kwenye neno ambalo sijawahi kulisema nyumbani. Kafyu ndiyo iliyonipa mpira.

Kwanza, fikiria amri yenyewe. Jua likitua uwe ndani. Ukitoka, ueleze waenda wapi. Ukichelewa, mama yako halali. Wanaume wa Mtangawanda waliona hiyo ni dunia mpya, walilalamika barazani mpaka jioni ikawafukuza. Mimi niliijua dunia hiyo tangu nilipovunja ungo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na sitasema uongo, kuna jioni nilimtazama kakangu akizunguka uani kama mbuzi aliyefungwa nikasema moyoni: karibu.

Pili, ukumbi wa Ami ulikufa siku ile ile. Nani ataingia ukumbini saa nne kasorobo usiku? Akaona televisheni isikae bure ikaliwa na chumvi, akaihamishia nyumbani kwetu, nyumba ya marehemu babu ambayo yeye na baba walikuwa na haki sawa. Jenereta ikawekwa nyuma, ikazungushiwa magunia ipunguze mngurumo. Mpango ukawa hivi: anayetaka mechi aje kabla ya saa kumi na mbili na nusu na mkeka wake, na hatoki mpaka saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Kifungo cha saa kumi na mbili kwa ajili ya dakika tisini. Walikuja. Kumi, kumi na wawili, wamejazana sebuleni, na sisi wanawake nyuma ya pazia la ukumbi mdogo wa ndani. Pazia lenyewe lilikuwa jepesi. Mama alikuwa na lingine zito kabatini, hakulitoa.

Sheria ya kwanza ya Ami ilikuwa goli lisipigiwe kelele. Hakuna aliyekatazwa kutazama televisheni ndani ya nyumba yake, lakini nje kulikuwa na doria, na hatukutaka mtu yeyote apate sababu ya kugonga mlango wenye vijana kumi na wawili ndani. Kwa hiyo goli lilisherehekewa kimya. Utawaona wameuma mashuka, wameshikana vichwa, mmoja amelala chali anapiga miguu hewani, na hakuna sauti.

Tarehe 16 Septemba, mechi ya kwanza. Liverpool, timu yangu, walikuwa wamerudi Champions baada ya miaka mitano nje. Walipangwa na Real Madrid, Basel ya Uswisi, na Ludogorets, ambayo hakuna hata mmoja sebuleni aliyekuwa ameisikia. Baba hakuja kutazama. Alikuwa anapita tu, jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni. Mama alikuwa ameolewa miaka ishirini na hajawahi kulala na mume nyumbani wiki nzima. Alifurahi kama siku kumi, kisha akaanza kumtafutia kazi za kushona nyavu zisizotoboka.

Akasimama karibu na pazia. Kuwauliza vijana aliona haya, akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini.

"Hawa wengine ni akina nani?"

"Ludogorets, Baba. Watoka mui mdogo huko Bulgaria, waitwa Razgrad. Ndiyo mara yao ya kwanza kufika hapa."

Nikamhadithia niliyoyasoma kwenye simu. Wiki tatu nyuma, walipokuwa wakiitafuta nafasi hii dhidi ya Steaua Bucharest, kipa wao alipewa kadi nyekundu mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, na wachezaji wa akiba wameshakwisha kuingizwa. Beki wao, Cosmin Moți, akavaa glavu. Akapiga penalti ya kwanza mwenyewe, akafunga, kisha akaenda kusimama golini akadaka mbili.

"Beki akaingia golini?"

"Ee."

"Hakujua mapema?"

"Hakujua."

Baba akavuta kigoda akaketi. Ndivyo alivyopata timu. Ludogorets lilimshinda kutamka, akalikata, likabaki Ludo, kama ule mchezo wa dadu wa barazani. Balotelli alipofunga dakika ya 82 alisikitika kidogo. Ludo wakasawazisha dakika ya 91, akanishika bega. Dakika mbili baadaye Gerrard akafunga penalti, mechi ikaisha 2-1, vijana wakauma mashuka, nami nikaziba mdomo kwa mtandio ili asinione nacheka.

"Hii ni dhuluma," alisema, akaenda kulala. Asubuhi akaniuliza Ludo atacheza lini tena.

Nilimchorea kundi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu la hesabu. Timu nne, mechi sita, ushindi pointi tatu, sare moja. Wawili wa juu wanasonga, wa tatu anashushwa Europa League, wa nne anakwenda kwao. Aliyatazama mistari yale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Tatu kwako, tatu kwao," alisema. "Na huyu aliyenifunga yana, atakuja kwangu?"

"Lazima aje. Novemba."

"Lazima?"

"Lazima, Baba. Ndiyo makundi."

Hilo lilimpendeza kuliko magoli yote.

Mechi ya pili sote tulifungwa. Basel walitufunga 1-0, na Ludo, waliotangulia kuifunga Real Madrid dakika ya sita tu, wakaishia 2-1. Siku chache baadaye ikawa Idi ya kuchinja, na kwa mara ya kwanza tulikula kwa Ami badala ya Ami kula kwetu.

Tarehe 22 Oktoba ndiyo nilikuwa nikiingojea. Real Madrid Anfield. Vijana walikuwa wengi mpaka pazia likafungwa fundo juu ili hewa ipite, na mimi nikawa nimeketi mlangoni, nusu ndani nusu nje, hakuna aliyesema neno. Ronaldo dakika ya 23, Benzema ya 30, Benzema tena ya 41. Ilipofika mapumziko nilitoka uani nikalie huko. Nikamkuta baba. Mwezi haukuwepo kabisa, ulikuwa bado haujaandama, na ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali. Ulikuwa unasikia harufu ya matope ya mikoko kutoka pale uani.

"Usiku kama huu," alisema, "jarife halionekani hata na mwenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nalia kwa sababu ya Benzema. Tulikaa hapo mpaka mechi ikaisha, simu nimeiinua juu ya ukuta nikitafuta mtandao, na ujumbe ulipoingia haukuwa wa Liverpool. Ludo walikuwa wamecheza saa ile ile na Basel, mechi ambayo hakuna aliyetaka kuifungulia chaneli, na Yordan Minev alikuwa amefunga dakika ya 92. Nikamsomea. Ludo 1, Basel 0. Baba alicheka peke yake gizani, akicheka kwa pua asije akasikika. Ushindi pekee wa timu yake, na hakuuona.

Tarehe 4 Novemba tulifungwa sote tena, wao 4-0 kule Uswisi. Wiki ile tajiri wa samaki akaja na watu wawili, wakaifungua mashine ya boti, wakaibeba. Hakukuwa na ugomvi. Baba mwenyewe aliwasaidia kuishusha. Yalibaki madumu mawili ya petroli, imeshachanganywa oili, na jenereta ya Ami ilikuwa ile ndogo inayokunywa mchanganyiko ule ule. Baba akayabeba madumu mawili mkono huu na mkono huu, akayaweka nyuma kwenye magunia.

"Si ya Ludo na Liverpool hii?" alimwambia Ami. "Basi naiwe hiyo."

Kwa hiyo tarehe 26 Novemba, Sofia, Ludogorets na Liverpool, tuliitazama kwa petroli ya bahari. Mimi nilikuwa nimeketi ndani kabisa, mkekani, upande wa kushoto wa baba. Sikumbuki nilivuka mlango lini. Ludo walifunga dakika ya tatu. Lambert akasawazisha, Henderson akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili hakikuwa na lolote. Vijana wawili walisinzia. Baba alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kama anavyokaa kwenye ukingo wa boti kamba ikianza kutikisika. Ilikuwa dakika ya 88, kwetu saa sita na nusu ya usiku, kona ya Ludo, na beki wao Georgi Terziev akaupiga kwa kichwa.

Baba alipiga ukelele.

Sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Haikuwa neno. Ilitoka ikaenda mpaka gatini, nadhani mpaka ng'ambo. Hakuna aliyecheza wala kuuma shuka. Ami aliinuka kama aliyeungua, akakimbia nyuma, akazima jenereta. Televisheni ikafa, taa ikafa. Jenereta ilikuwa na kelele kumshinda baba mara kumi, lakini hofu haijui hesabu.

Tulikaa gizani watu kumi na saba. Tulikuwa tunasikiliza viatu. Kila mtu aliyelelewa miezi ile anaijua sauti ya kiatu kizito juu ya mchanga, na kila mtu anajua kwamba mchanga ukiukazia masikio utakuletea viatu hata kama havipo. Mama alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa chumba walimolala wadogo zangu. Mkono wa baba ulikuwa juu ya wangu na ulikuwa unatetemeka, na nilijua anafikiria lile nililokuwa nikifikiria, kwamba kama kuna mlango utakaogongwa Mtangawanda usiku huu, yeye ndiye aliyewaita.

Hakuna aliyekuja.

Baada ya muda mrefu, aliniinamia sikioni.

"Zilibaki ngapi?"

"Mbili, Baba. Na za nyongeza."

"Bado wacheza?"

Zilikuwa zimepita labda dakika ishirini. "Bado," nilimwambia. Tukangoja hivyo, sote wawili tukiitazama televisheni isiyowaka, mpaka aliponiambia nikalale. Matokeo tuliyapata asubuhi: 2-2.

Mechi ya mwisho nitaipitisha haraka, kama nilivyotamani ipite. 9 Desemba, Liverpool walihitaji kuifunga Basel pale Anfield. Gerrard alisawazisha kwa frikiki dakika ya 81, haikutosha, 1-1. Tukatolewa na pointi tano. Ludo walipigwa 4-0 Madrid wakamaliza mkiani na nne. Baba aliliomba daftari, akaiandika ile nne mwenyewe, akaizungushia duara.

Amri ilipoondolewa, Ami alikuja na mkokoteni akaichukua televisheni yake. Vijana walimsaidia kubeba dishi, wanaimba. Mama akalitoa lile pazia zito akalitundika, sijui kwa nini siku ile. Februari Champions iliporudi nilikuwa kitandani, nasikiliza ukelele kutoka hatua mia mbili, nabashiri ni goli au nusura goli. Kuvua usiku kuliendelea kukatazwa kwa miaka kadhaa, na baba aliipitisha mingi kati ya miaka hiyo akipakua magunia ya watu gatini. Nilimwona akipita mbele ya nyumba na mifuko ya saruji mgongoni. Na bado, nikiwa kitandani, nilitamani kafyu irudi. Si yote. Jumanne na Jumatano tu. Nimejaribu mara nyingi kulieleza hili kwa namna itakayonifanya nionekane mtu mzuri, sijaipata.

Kwa hiyo pale Mombasa, ubishi ukiwa umefika kwa Mbappé, nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikampigia simu. Kila Septemba huniuliza swali lile lile.

"Ludo yuwapi mwaka huu?"

"Yuko Europa League. Ile ndogo. Aanza wiki ijayo."

"Kundi gani?"

"Makundi hayako tena, Baba." Nikamweleza jedwali refu, timu 36, wapinzani tofauti, kila mmoja unakutana naye mara moja, basi.

Kimya. Nilisikia upepo kwenye simu, na mtu akigonga ubao.

"Kwa hiyo Ludo akifungwa kwa watu, wale watu hawaji Razgrad?" Razgrad huitamka vizuri kabisa. Ludogorets ndiyo mpaka leo.

"Hawaji. Labda mbele huko, mkijaaliwa kukutana."

"Ah." Akafikiri. "Hapo sasa wameharibu."

Nikamuuliza anafanya nini, mbona kuna kelele. Akasema ameshaswali magharibi, maji yatoka, naye anatoka nayo.